Kwenda Moroni kwa Jua na Dira: Tunamuaga Kapteni Kasmir Beno

Jumanne ya tarehe 30 Septemba 2025, Kapteni Kasmir Beno atashuka ngazi ya MV Sabaha kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wa Kampuni ya Hamud na Binti. Atakuwa ametutumikia miaka thelathini na minne, zaidi ya nusu yake akiwa nahodha. Katika muda huo meli imebadilishwa injini mara mbili. Yeye hajabadilisha hata miwani.

Bi. Hind, meneja wetu, ameniomba mimi karani wa mizigo niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Alinipa sharti moja, kwamba nimtaje mume wangu pale tu inapolazimu. Naomba radhi mapema. Niliolewa mwezi wa nane, mume wangu ni Anuari, afisa wa kwanza wa meli hiyohiyo, na kwa maoni yangu inalazimu kila baada ya sentensi mbili.

Kapteni Kasmir alizaliwa Masasi, mahali ambapo maji mengi kuliko yote yapo kisimani. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akawa anabeba mizigo Kariakoo. Siku moja alisindikiza magunia ya dengu hadi bandarini, akaikuta meli inapakia. Akamuuliza baharia mmoja, "Hii inajuaje njia?" Yule baharia akamjibu, "Yenyewe haijui. Tunajua sisi." Kapteni anasema jibu hilo lilimuudhi sana. "Nikaona hawa watu wana maringo," hutuambia, "nikasema ngoja na mimi nikaringe." Akaanza kwa kufagia sitaha. Akasoma jioni, akafaulu mitihani, akapanda: mshika usukani, afisa wa tatu, wa pili, wa kwanza, mpaka nahodha.

Amepeleka magodoro Mtwara, vitunguu Moroni, viti vya plastiki Pemba, na mara moja alimpeleka bibi harusi Mafia pamoja na kabati lake na mama mkwe wake, safari ambayo anasema ndiyo ngumu kuliko zote. Sifa yake kubwa tunaijua wote. Miaka kadhaa iliyopita umeme wa meli ulikatika katikati ya bahari, mashine ya setilaiti inayoonyesha njia ikazimika, naye akaifikisha Sabaha Moroni kwa jua, nyota, dira na penseli. Tangu hapo hakuna afisa aliyepita mikononi mwake bila kufanya mazoezi ya kusafiri hivyo, hata kama umeme upo na mashine ni mpya.

Somo lake la kwanza hufanyika nchi kavu. Unatoka mlangoni mwa ofisi yetu, hapa mtaani Gerezani, na saa yako mkononi. Unatembea kuelekea sokoni kwa mwendo wako wa kawaida, bila kusoma vibao vya maduka, bila kumuuliza mtu. Akikuambia "Simama," unasimama na kusema uko wapi. Ndiyo hesabu ya mwendo, anaeleza. Unajua ulikotoka, kasi yako, muda uliotumia na upande uliofuata, basi unajua ulipo. Tatizo ni mkondo. Baharini mkondo ni maji yanayoisukuma meli pembeni kimyakimya. Kariakoo mkondo ni mikokoteni, wamachinga na wateja wa jumla wenye haraka zao.

Mimi nilifanyishwa somo hilo wiki yangu ya kwanza kazini. Nilisimama nikatangaza kwa kujiamini kabisa kwamba niko kwenye maduka ya vitenge, Mtaa wa Kongo. Nilipoinua macho nilikuwa mbele ya duka la pampu za maji. "Karibu dada," akasema muuzaji, "nikupe ya inchi ngapi?" Kapteni alicheka mpaka akavua miwani. Lakini tuwe wa kweli, na yeye huanguka somo hilo. Mwaka jana alitoka kununua mashati mawili tu, akapiga simu kwa Bi. Hind aje kumtafuta. "Mkondo wa Kongo," alijitetea, "unauzidi wa Msumbiji."

Sasa nifike kwenye safari yake ya mwisho ya mazoezi, maana mimi nilikuwepo, na ningetamani kusema nilikuwa wa msaada.

Kapteni alipotangaza kustaafu, Bwana Hamud, mwenye kampuni, alifikiria kuajiri nahodha kutoka nje. Anuari ana vyeti vyote, lakini hajawahi kuwa bosi wa meli. Bi. Hind akasema, "Baba, tumuulize Kapteni." Kapteni akajibu, "Nipeni safari moja naye." Safari hiyo ikaangukia wiki iliyofuata harusi yetu. Anuari hakuwa na likizo. Bi. Hind akanionea huruma, akaniandikia safari ya kikazi, niende nikakabidhi mzigo kwa wateja wa Moroni. Wenzangu wote waliolewa wakaenda fungate hotelini. Mimi nilikwenda fungate na magodoro, vitunguu na ndoo za plastiki, na sikuona kasoro yoyote. Anuari alikuwa amevaa shati jeupe.

Tulipoliacha lango la bandari, Kapteni alichukua taulo lake la kuogea akaifunika mashine ya setilaiti. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuchungulia chini ya taulo, mwanzo wa kila zamu, kwa ajili ya usalama. Akichungulia, uso wake hausemi kitu. Ni uso wa mtu anayeangalia kama wali umeiva.

"Anuari," akasema, "kazi yako ni kunionyesha mlima wa Karthala, ule wa juu ya Moroni, keshokutwa asubuhi. Ukitokea pale utakapouweka wewe kwenye ramani, meli ni yako. Usipotokea, nitavua taulo langu, tutafika Moroni salama salimini, na Bwana Hamud atatafuta mtu mwingine."

Anuari akajibu, "Sawa, Kapteni," kwa sauti tulivu. Mimi nilishika ukuta. Chumba tulichopanga, maisha tuliyopanga, hata majina ya watoto niliyokwisha kuyapanga bila kumwambia, yote niliyaona yamening'inia kwenye huo mlima.

Nikapewa kazi ya kusoma saa. Anuari anashika sekstanti, kile chombo cha kupimia jua limesimama juu kiasi gani kutoka upeo wa bahari. Jua likigusa mstari wa maji ndani ya kioo chake anaita "Sasa!" nami papo hapo nataja saa, dakika na sekunde. Ukikosea sekunde nne, meli kwenye ramani imeruka maili nzima. Mtu mwenye busara asingemkabidhi kazi hiyo bibi harusi wa wiki moja. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia "sasa" kwa sauti kama ile.

Jioni ya kwanza, kwa kuwa bahari ilikuwa imetulia bado, nilileta chumba cha usukani ile sabufa mliyotuzawadia harusini, wapendwa wenzangu, nami nawashukuru tena. Niliogopa kuiacha chumbani Dar ikaibiwa. Kulikuwa na rafu iliyo wazi mbele ya Mbaruku, mshika usukani, ukubwa uleule kabisa, kama fundi aliitengeneza akiwa na sabufa yetu akilini. Nikaweka nyimbo za mapenzi kwa sauti ya chini. Anuari akaona haya, Mbaruku akatikisa kichwa kwa raha. Kapteni aliingia, akautazama mzigo wangu, akasikiliza kidogo. "Muziki mzuri," akasema, akaenda kulala.

Usiku mawingu yalitanda, nyota haikuonekana hata moja. Kwa hiyo Anuari alitumia hesabu ya mwendo tu: kila saa anapiga penseli kwenye ramani, meli imetoka hapa, imefika hapa. Upepo wa kusi ukaichafua bahari. Mimi nilikumbatia ndoo (ya meli, si ya mteja) na kumhakikishia kila aliyepita kwamba nina furaha sana.

Asubuhi jua likatoka safi. "Sasa!" Nikataja saa. Akaandika, akajumlisha, akachora mstari. Kwa mujibu wa jua, meli ilikuwa mbali sana mashariki ya pale penseli ilipoiweka.

"Anifa, ulisoma saa ngapi?"

"Hiyo niliyokutajia."

"Una uhakika? Maana haiingii akilini."

"Anuari, mimi nasoma saa tangu darasa la pili."

"Sekunde chache tu zinatosha kuharibu, mke wangu, na hujalala, na unaumwa."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijasema ni wewe."

"Umesema mke wangu. Ukisema mke wangu kwa sauti hiyo maana yake ni mimi."

Mbaruku, macho mbele, mikono kwenye usukani, akauliza kwa adabu, "Maharusi, nigeuze meli au nigeuze uso?"

Kapteni alikuwa kwenye kona anakula kashata. Anuari akamgeukia. Kapteni akainua mikono yote miwili. "Mimi abiria," akasema.

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Kama penseli ndiyo sahihi na jua limepimwa vibaya, kugeuza meli ni kuipoteza bure. Kama jua ndilo sahihi, basi tukiendelea vile tungeipita Ngazija, kisiwa chenye Moroni, upande wa kaskazini, na asubuhi Kapteni angeangalia mbele akaona maji, na maji, na kazi ya mume wangu ikizama ndani yake. Anuari akaamua tuendelee vilevile mpaka adhuhuri, apime tena.

Mimi nikaenda kukaa juu ya magodoro nikalia. Siku ya harusi kilio kilinikataa kabisa, shangazi zangu wakaona aibu. Sasa kilikuja chote, pamoja na riba. Nilikuwa na hakika ndoa yangu imevunjika, tena si kwa sababu ya mwanamke mwingine wala mawifi, bali longitudo.

Kapteni akaja akaketi pembeni yangu, godoro likatuzamisha wote wawili.

"Shikamoo Kapteni."

"Marahaba, bibi harusi. Nani kafa?"

"Anasema nimekosea saa."

"Ulikosea?"

"Sijui! Nilikuwa namwangalia yeye."

Akacheka polepole. Kisha akaniambia kwamba jua la adhuhuri halina haja na saa yangu. Linapanda, linasimama, linaanza kushuka. Ukilipima likiwa juu kabisa, linakuambia meli imefika kusini kiasi gani, hata kama saa zote za dunia zimesimama. "Na hapo akiona tofauti, basi si wewe."

"Si umwambie!"

"Nikimwambia atakuwa ameniamini mimi," akasema. "Na mimi ndiye ninayeondoka."

Adhuhuri ilipokaribia Anuari alisimama nje, miguu imepanuliwa, anafuata jua kidogo kidogo mpaka likakataa kupanda. Sikutaja saa. Niliziba hata mdomo. Akaingia, akapiga hesabu mara ya kwanza, akaifuta, akapiga tena. Meli ilikuwa kaskazini mno. Jua la asubuhi na jua la mchana yalisema neno moja, penseli ikasema lake.

"Anifa."

"Abee."

"Saa yako haikuwa na kosa."

"Nimesikia."

"Nisamehe, mke wangu."

Mara hii sauti ilikuwa yenyewe. Mbaruku aliachia usukani mkono mmoja akapiga kifua. Mimi nikasimama wima, nikatengeneza mtandio, nikafaidi ushindi wangu kwa muda unaotosha kunywa glasi ya maji.

Maana Anuari hakuishia hapo. Kama jua ni sahihi na mwendo umehesabiwa vizuri, akasema, basi tulikuwa tunaelekea siko, na dira inatudanganya. Akaikagua dira juu, akaikagua chini, akapapasa pembeni yake, mkono wake ukakutana na sabufa. Ilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye dira. Akainyanyua akaipeleka nje. Dira ikazunguka yenyewe, taratibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini, ikatulia kwenye namba nyingine kabisa.

Spika ina sumaku tumboni. Nilipoiweka pale jioni ile, dira ilivutwa ikacheza, na Mbaruku, mtu mwaminifu, akageuza usukani mpaka namba aliyoagizwa ikarudi mahali pake. Akaifuata namba hiyo usiku mzima, kwa muziki, kwenda upande usio sahihi.

"Kumbe ni wewe," Mbaruku aliiambia sabufa, akijitahidi asinitazame.

Anuari akanitazama. Mimi nikatazama kandambili zangu. "Tuseme sare," nikasema.

Hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasimama, akafuta mstari wote wa usiku, akachora mpya kuanzia pale jua lilipotuweka, akaagiza meli igeuzwe kusini. Baadaye tulimuuliza Kapteni kama alijua. "Nilijua tangu wimbo wa pili," akasema. "Lakini upande ule maji ni mengi na mwamba hakuna. Nikaona niwaache mfaidi muziki."

Asubuhi ya mwisho Anuari alisema mlima utatokea mbele yetu kabla ya chai. Chai ikaja. Mbele kulikuwa na ukungu mweupe na wingu moja. Chai ikanywewa. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nyingine nikazitunga. Kapteni akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati, akaanza kulisogelea taulo lake.

"Bado kidogo, Kapteni," akasema Anuari.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kikombe kimoja cha chai."

Kapteni akamtazama. Akarudi, akajimiminia kikombe kingine, akaanza kukinywa kwa mikupuo midogo ambayo sijawahi kumwona mtu mzima akinywa, na Mungu ambariki kwa kila mkupuo.

Kikombe hakijaisha, Mbaruku akasema, "Lile wingu mbona halitembei?"

Chini ya wingu kulikuwa na weusi. Weusi ukawa bega, bega likawa mlima. Karthala. Haukuwa mbele sawasawa, ulikuwa umesogea kulia kidogo, kama mgeni aliyekataa kiti cha mbele.

"Nimekosea kidogo," akasema Anuari.

"Umekosea upana wa kidole," akasema Kapteni. "Mimi safari yangu ya kwanza nilikosea kisiwa."

Tuliporudi Dar, Kapteni alipanda ngazi za ofisi yetu, akaingia kwa Bwana Hamud na Bi. Hind, akaacha mlango wazi, nami nikaacha kazi. "Mpeni meli," akasema. "Alipobishana na jua alingoja, akapima tena, akakubali amekosea mbele ya mke wake. Hilo la mwisho mimi lilinichukua miaka mingi sana." Bwana Hamud akasema basi, imekwisha. Kapteni akafika mlangoni, akageuka. "Ila mkewe abaki ofisini."

Ofisi nzima ilicheka, mimi kuwazidi wote. Ilikuwa jioni, ninakunja nguo za Anuari, ndipo nilipoelewa nimeombea nini. Nahodha halali nyumbani. Sabaha itatoka tarehe mosi Oktoba na yeye juu, na mimi nitakuwa Gerezani napokea magodoro ya watu.

Wiki iliyopita mke wa Kapteni, Mama Ritha, alikuja kuchukua vitu vya mumewe. Nilimwamkia, nikamuuliza, "Mama, miaka yote hiyo ulikuwa unafanyaje akiwa safarini?"

"Nilikuwa nakasirika," akasema. "Nikimaliza, napika."

"Na akirudi?"

"Nakasirika kidogo tena, asije akazoea." Kisha akanishika mkono na hakuuachia haraka. "Anarudi, mwanangu. Wangu karudi kila mara. Sasa karudi moja kwa moja, na mimi sijui hata nitamweka wapi mchana kutwa."

Kapteni Kasmir, asante kwa mizigo iliyofika na mabaharia waliorudi. Asante kwa kukaa kimya siku ile ulipokuwa na jibu mdomoni, maana kimya chako ndicho kilichonipa mume nahodha. Ninajifunza kungoja, nami ni mwanafunzi mbaya, jana nimeunguza wali mara mbili. Wewe umemaliza kungojewa. Sisi wote wa Hamud na Binti tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na zamu, na miaka mingi mizuri nyumbani, mahali ambapo Mama Ritha anaweza kukukasirikia akikuona.

Anifa, karani wa mizigo, Gerezani